Majani Meupe ya Ng'ambo

Mpaka leo watu wa mtaani huniuliza kama Fundi alikuwa na akili zake timamu, na mpaka leo siwajibu, maana nimechoka kuwajibu. Akili alikuwa nazo, tena nyingi kuliko walizo nazo wao. Alichokikosa ni kaburi la mkewe. Alikuwa akilitafuta vichakani, ng'ambo ya Nyali, kwa kamera, na mimi ndiye niliyempakia rangi picha za dukani kwake, kwa hivyo nina haki ya kumsema.

Tulimwita Fundi tu, kwa kuwa mtaa mzima haukuwa na fundi mwingine wa picha. Wengine wakisema ni Mhindi, wengine wakisema ni Mswahili kama sisi, mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba yeye ni mtu wa Kibokoni, basi, na anayetaka zaidi akaulize Kibokoni. Duka lake lilikuwa kichochoroni, nyuma ya Ndia Kuu, mlango wake mwembamba hata bibi arusi alipita ubavu. Mbele palikuwa na kiti na pazia lililochorwa ngazi na maua ya Ulaya. Nyuma chumba cha giza. Juu ghorofani alikaa yeye na mama mkwe wake.

Naam, mama mkwe. Mke kafa, mtoto hakuachwa, na bado wale wawili walikaa nyumba moja, wakipikiana na kununiana. Watu walinong'ona kwamba si desturi. Mimi nilikuwa nyumba ya pili, nikiwasikia wakigombana kwa chumvi ya mchuzi, na nilijua hakuna mmoja wao aliyekuwa na mtu mwingine wa kumlilia. Huyo mama tulimwita Mama sote, hata waliomzidi umri.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Wakati ule picha zote zilitoka nyeusi na nyeupe, na aliyetaka mashavu ya waridi na leso yenye rangi zake, picha yake iliniletea riziki mimi. Mume wangu alibeba magunia maghalani Shimanzi, akirudi hana hata nguvu ya kusema. Mchana nilikaa dirishani na visahani vyangu vya rangi na pamba iliyoviringwa kijitini. Rangi zile zilikuwa nyepesi mno, zinataka weupe chini yake ndipo zionekane. Penye weusi hazishiki, upake mpaka kesho. Ndiyo maana nywele na mabuibui ya watu sikuyagusa kamwe.

Fundi alikuwa mwongo wa kazi yake, na alijua. Alimpunguza mtu kitambi, akamfuta mwingine ndui usoni. Palikuwa na mama mmoja wa bara, mumewe karani wa reli aliyehamishiwa mbali, akataka picha wamekaa pamoja. Fundi alimkalisha muuza kahawa kitini kando ya yule mama, kisha akauondoa uso wa muuza kahawa na kuunga wa mume, aliouchukua katika picha kuukuu. Yule mama alilia kwa furaha. Muuza kahawa naye, kila akipita na dele lake, alikuwa haachi kuuliza hali ya mkewe.

Kila aliyekaa kile kiti aliambiwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya mtu aliyechoka: “Tulia. Usipumue.” Kisha kamera ikilia, “Haya, pumua.” Mama aliyasikia ghorofani kutwa kucha, maana sakafu ilikuwa ya boriti na nyufa, na akiwa na hasira naye humwigiza kwa sauti ya pua mpaka sisi majirani tukicheka madirishani.

Sasa habari ya ile kamera nyingine. Siku za vita Fundi alifunga duka akaenda bara kufanya kazi na jeshi, kuosha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Huko ndiko alikojua filamu za infraredi. Nilivyoelewa mimi, kuna mwanga ulio chini ya wekundu, jicho la binadamu haliufikii, lakini filamu ile huufikia. Jani lililo hai huurudisha mwanga huo kwa nguvu, kwa hivyo pichani hutoka jeupe pe. Jani lililokatwa, au lenye kiu, laweza kuwa kijani machoni petu sawa na mwenzake, lakini pichani hutoka jeusi. Askari waliitumia kumjua adui aliyejifunika matawi ya kukata. Vita vilipokwisha hakuna aliyezitaka tena, na Fundi akarudi nazo makopo kwa makopo, kama wenzake walivyorudi na makoti.

Mkewe alikufa yeye akiwa huko. Alikwenda kumtazama mamake shambani ng'ambo, homa ikampata, akafa asubuhi, na alasiri akazikwa, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Wanawake kwetu hawafuati jeneza, kwa hivyo Mama alikaa ndani na waliokuja kumhani, akaisikia sauti ya wanaume ikitoka mlangoni na kwenda mbali, basi. Wakati huo shamba lilikuwa limekwisha tiwa alama kwa kambi ya askari, makaburi ya zamani yako ndani ya waya, na wazikaji wakamzika kando, chini ya mkanju. Hata arobaini haikuwahi kusomwa pale. Watu walihamishwa, Mama akahamia nyumba ya mkwewe mjini, mikanju ikakatwa, zikamwagwa sakafu za saruji kwa mahema na magari. Fundi aliporudi alikuta kambi imeshavunjwa na vichaka vimesimama. Kati ya waliozika aliwapata wawili tu. Mmoja alionyesha upande huu, wa pili upande ule, na wote wakaapa.

Hivyo mume hakuliona kwa kuwa hakuwapo, na mama hakuliona kwa kuwa ni mwanamke. Mtu alizikwa kwa heshima zote, na akapotea.

Ukisema si wangetafuta kwa miguu, basi hujaviona vichaka vile. Miba, mawe ya matumbawe kila hatua, na shamba lenyewe kubwa. Fundi alikuwa na wazo lake: penye kaburi pana mawe chini, na mizizi ikikuta mawe, kiangazi kikiwa kikali, majani ya juu yake huchoka kabla jicho halijajua. Filamu itajua. Akawa kila apatapo siku anafunga duka, anavuka daraja la Nyali na miguu ya kamera begani, anakwenda kuvipiga picha vichaka.

Kupiga kwenyewe kulikuwa adhabu. Mbele ya kamera aliweka kioo chekundu kilichokolea mpaka kikawa kama cheusi, na kikishawekwa, mpigaji haoni kitu. Kwa hivyo hutazama kwanza, hulenga, kisha hufunika na kupiga kama kipofu. Na mwanga ule huchukua muda kuingia. Upepo ukitikisa majani, picha yote moshi. Aliniambia alizoea kuviambia vichaka, “Tulieni,” na havikutulia hata mara moja.

Picha ya kwanza aliyonionyesha ilinisisimua mwili. Ng'ambo yetu ya kila siku, ya mihogo na mbuzi, ilikuwa na mbingu nyeusi kama sufuria, na minazi na nyasi na vichaka vyote vyeupe, kama vilivyomwagiwa sufi. Nikanyoosha mkono kuchukua pamba yangu. Akaivuta picha. Akaniambia hizo nisiziguse, rangi itamwongopea.

Filamu zile hazitaki joto, na Mombasa sisi hatuna kingine. Alitia makopo ndani ya debe, akalifukia debe katika mchanga chini ya mtungi wa maji ya kunywa, panapochuruzika baridi. Mama alilalamika kwa jirani wote kwamba maji yananuka dawa. Mwanawe kafa kwa homa, akisema, na yeye mkwewe atammaliza kwa picha. Lakini Fundi akisahau kuurowesha mchanga, nilimwona mwenyewe, kwa dirisha langu, Mama ameinama na kata anaurowesha.

Na kila alipotoka ng'ambo, kabla hajavua viatu, Mama humuuliza juu ya ngazi, “Umemwona?” Haulizi umeliona kaburi. Humuuliza kama aliyekwenda kumjulia hali mtu. Fundi hujibu, “Bado, mama,” akaenda kunawa miguu, na sahani za chakula zikalia.

Kosa lake kubwa ni la mabuibui, na mtaa haukumsahaulisha. Wanawake wa nyumba moja ya Kuze, watu wenye jina, walikwenda mandari ng'ambo kupunga upepo, wakamwona anapita na kamera yake, wakamsihi awapige. Kamerani mlikuwa na filamu ile tu. Alikuwa amechoka, jua limempiga, akaona kukataa ni maneno mengi. Wakajipanga mstari, wamevaa mabuibui yao meusi mazuri. Loo, filamu ile huigeuza hata rangi ya nguo. Nyuso zilitoka kama nta, macho kama matundu, na mabuibui yote yakatoka meupe. Wanawake wa ukoo mzima wamesimama mstari na sanda zao. Na Fundi kwa uzoefu wa kuona vitu vimegeuka hakushtuka hata kidogo. Akazisafisha, akazitia bahashani, akazipeleka. Bibi wa nyumba ile alizirai. Vijana wake walikuja dukani na bakora. Ilibidi aende na mwalimu wa chuo cha Kurani na halua na kahawa, isomwe dua, aombe radhi kwa kila mmoja, na hata hivyo wateja wa kike wakaadimika tangu siku ile. Mimi nilimkasirikia, maana wateja wake walikuwa chakula changu. Akaniambia tu kwamba filamu haijui msiba wala arusi, akaendelea kukoroga dawa zake.

Usidhani alikuwa shujaa. Alikuwa mwoga wa kwenda juu, mwoga hasa. Dari yake mwenyewe hakuipanda. Nguo Mama ndiye aliyezianika, mzee wa watu, akizipanda ngazi huku akimsema. Kule shambani askari waliacha tangi la maji lililosimama juu ya miguu mirefu ya chuma, na kila mtu alimwambia: panda pale, utaona shamba lote kwa mara moja. Hujibu kwamba chuma kimeliwa na kutu. Akaendelea kupiga picha chini kwa chini, kichaka mbele ya kichaka, miaka ikapita.

Siku moja nilichoka kwa niaba yao wote wawili. Nikamwambia nina brashi, nina wino, nitie weusi kidogo mahali pamoja, wa urefu wa mtu, ampelekee Mama apate kutulia. Nilitaraji atanifokea. Aliweka chini beseni alilokuwa akilisuza.

“Nimewaongopea wengi kwa picha, dada yangu, na wote wamenishukuru,” alisema. “Huyu akinishukuru kwa uongo, nitakaa naye vipi nyumba moja?”

Nikachukua picha zangu za kupaka, nikarudi dirishani kwangu.

Kisha shamba likanunuliwa. Tajiri mmoja wa nguo, mwenye duka upande wa Mwembe Tayari, alitaka kulichoma, alilime na kulikata viwanja. Hakuwa mtu mbaya. Aliposikia habari alikuja mwenyewe dukani, akakaa kitini, akasema atangoja mpaka Idi ipite, zaidi ya hapo hawezi. Mama alisikiliza kupitia nyufa za sakafu. Siku zile miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, ngazi za darini hazipandi tena, na chini ya mtungi lilibaki kopo moja la filamu, nalo la zamani.

Fundi alilipanda tangi. Sikumwona, lakini niliiona suruali yake imechanika magotini na viganja vimejaa kutu. Alingoja jua la utosi ili vivuli visimchanganye, akajifunga kwenye chuma kwa kilemba chake, akapiga. Aliniambia alifumba macho muda wote. Kwa kioo kile, alisema, kufumba na kufumbua ni sawasawa.

Filamu ilikuwa imeshikwa na joto, ikatoka na ukungu. Aliitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakamwiva. Aliona sakafu za saruji, visiki, madoa. Nilimsikia Mama akiuliza juu ya ngazi, nikamsikia akijibu “Bado, mama,” na baada ya hapo hapakuwa na sauti ya sahani wala ya mtu.

Kesho yake aliniletea ile picha, ameichapa kubwa. Akaniambia niipake kijani.

Nikamuuliza, “Hii?”

“Hii. Yote. Mama alione shamba lake lilivyokuwa, kabla halijachomwa. Mimi sitafuti tena.”

Aliondoka bila ya kunipa mkono. Nami nilikaa na picha ile mapajani, nikaona uchungu hata nikakosa pa kuanzia. Miaka yote nilitamani kuipaka rangi mojawapo, na sasa naipaka kama mtu anayefunika sahani ya mgonjwa aliyekataa kula.

Lakini weupe ule uliipenda rangi. Kila nilipogusa na pamba, majani yalinywa kijani, na shamba likafufuka kidogo kidogo chini ya mkono wangu. Weusi ukabaki mahali pake. Sakafu za saruji zilibaki, miraba mikubwa, zote zimefuata njia ya kambi. Visiki vilibaki, viduara vidogo. Na upande wa bahari palibaki kitu cha tatu, kijistari kifupi kisichozidi kucha yangu. Nilidhani nimepaacha. Nikapaka, hapakushika. Nikadhani pana mafuta, nikapangusa, nikapaka tena. Hapakushika.

Nikaisogeza picha dirishani. Hapakuwa na mti kando yake, kisiki tu, na jua lilikuwa la utosi, kwa hivyo si kivuli. Hakikufuata njia ya kambi kama sakafu zile, kilikuwa kimelala kivyake, ncha moja baharini, ncha moja bara. Bahari yetu iko mashariki, na mtu yeyote wa kwetu ajua maiti hulazwaje: kichwa mashariki, uso kibla. Niliogopa kuwa ndilo, na niliogopa zaidi kuwa silo.

Nilimkuta Fundi amekaa katika kile kiti cha wateja, mbele ya maua ya Ulaya. Alipoona nilivyoingia alinyanyua mkono.

“Usinirudishe huko, dada yangu. Tafadhali.”

Sikumsikiliza. Nilimwekea picha magotini na kioo cha kukuzia juu yake, nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama. Akasema laweza kuwa shimo la taka za askari. Nikamwambia laweza. Akasema laweza kuwa mwamba. Nikamwambia laweza. Lakini hakuondoa kioo, na niliona pumzi imemkaa kifuani kama anavyowaambia watu.

Mama alisikia mlango, akadhani mkwewe ndiyo kwanza anatoka ng'ambo. Akauliza juu ya ngazi, kama siku zote, “Umemwona?”

Fundi akafungua mdomo kujibu. Neno lake la siku zote halikutoka.

“Nipani buibui langu,” Mama akasema.

Tulikwenda kwa gari la kukodi, maana miguu yake haikuweza. Kamera Fundi hakuichukua. Alichukua panga, na birika la maji ya ule mtungi. Pale tangini alisimama, akaigeuza picha mpaka ikalingana na bahari, kisha akaingia vichakani na panga, nasi tukimfuata polepole, Mama ameniegemea mzima mzima. Majani ya pale yalikuwa kijani. Kwa macho hujui lolote.

Alipofyeka na kuondoa majani makavu tuliona mawe ya matumbawe. Mawe yako kila mahali kule, lakini haya yalipangwa. Mengine yameng'olewa na magurudumu, mengine yamezama, ila ukiyafuata yanazunguka, marefu kama mtu na membamba kama mtu, na upande wa bahari jiwe moja kubwa kidogo limeanguka, lina chokaa bado. Mtu aliyapanga kwa mkono wake, alasiri, akiharakisha. Nililia, sioni haya kusema.

Tukamkalisha Mama chini. Alitandaza kiganja juu ya mchanga, akakiacha hapo.

“Assalamu alaikum, mwanangu,” alisema. “Siku ile nalikaa ndani kama ilivyo ada. Tukapoteana.”

Kisha akasoma Fatiha, kwa sauti ya chini, wala hakuharakisha neno. Alipomaliza, Fundi alishika birika akamwaga maji kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, vile alivyokuwa akisuza picha mpaka isafike. Birika lilipokwisha alibaki amelishika tu, amesimama, hajui aliweke wapi. Ikawa zamu yake kuuliza.

“Umemwona, mama?”

Mama alimtazama toka chini.

“Nimemwona,” alisema. “Haya, pumua.”